Kinachopita Bila Mjadala

Ukitaka kujua mji mdogo unatawaliwaje, usianze na kile kikao kilichovunjika kwa kelele hadi kikaandikwa magazetini. Tafuta ajenda ya kikao cha kawaida, kile ambacho wananchi waliohudhuria walikuwa watatu na mmoja wao aliingia kujikinga na mvua. Utakuta kufungua kikao, kuthibitisha ajenda, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya fedha, orodha ya malipo, maombi ya vibali, barua zilizoingia, mengineyo, kufunga. Chini ya vichwa hivyo kuna bili ya umeme wa taa za barabarani, malori ya kifusi, pampu ya maji iliyochoka, mtu anayeomba kuongeza ghorofa, uzio wa makaburi ulioanguka. Hakuna hata kimoja kitakachomtoa mtu nyumbani jioni aende kusikiliza.

Naamini baraza la mji mdogo linapimwa hapo hapo, kwenye vipengele vinavyopita bila mtu kufungua mdomo. Mijadala mikali ina walinzi wa kutosha, kwa kuwa kila mtu ameshaamka. Yale yanayosomwa haraka haraka na kuafikiwa kwa sauti moja ndiyo yanayobeba fedha nyingi na kufunga mikono ya mji kwa miaka, na ndiyo yasiyo na mtu wa kuyatetea wala kuyapinga.

Tutazame kwanza watu wenyewe. Wajumbe ni wachache. Katika jimbo la Vermont, Marekani, bodi inayoendesha mji huwa na watu watatu au watano. Wana kazi zao nyingine. Mmoja anafuga, mwingine anafundisha, mwingine amestaafu na ndiye pekee anayesoma makabrasha yote. Wanakutana mara moja au mbili kwa mwezi. Kazi za kila siku zinafanywa na waajiriwa wanaohesabika kwa vidole: karani, mwekahazina, msimamizi wa barabara. Ufaransa ina manispaa karibu 35,000, nyingi zikiwa vijiji tu, na katika vijiji hivyo ni jambo la kawaida katibu mmoja kuhudumia ofisi mbili tatu za meya kwa wiki. Meya huja na kuondoka na uchaguzi, lakini katibu anajua faili liko wapi, sheria inadai nini, na nani aliahidiwa nini miaka sita iliyopita.

Kwa hiyo jambo linapofika mezani, sehemu kubwa ya uamuzi imeshafanywa na aliyeliandika. Yeye ndiye aliyechagua lije leo au mwezi ujao, liwe na bei moja au tatu za kulinganisha, liitwe "ununuzi mpya" au "kuhuisha mkataba". Sioni njama hapo. Ni hesabu ya muda tu: mwenye saa arobaini kwa wiki humtangulia mwenye saa tatu kwa mwezi. Ila baraza lisilolitambua hilo hujiona linatawala wakati kazi yake ni kugonga muhuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanahistoria Mwingereza C. Northcote Parkinson alibuni kisa cha kamati ya fedha inayopitisha kinu cha nyuklia cha thamani ya milioni 10 kwa dakika mbili na nusu, kisha ikabishana dakika 45 juu ya kibanda cha kuegeshea baiskeli. Kisa hicho kimerudiwa mpaka kimechakaa, na kwa kawaida hutumika kuwacheka wajumbe wabishi wa mambo madogo. Mimi nadhani wanachekwa wasiostahili. Mjumbe aliyewahi kuezeka nyumba anajua bati. Dakika zake 45 zina maarifa ndani yake. Wa kuulizwa ni aliyeandaa karatasi ya kinu kwa namna ambayo mtu mwenye akili timamu hakupata pa kuishika, pamoja na mwenyekiti aliyeona kimya kimetanda akakichukulia kuwa ni ridhaa.

Katika mji mdogo kinu hicho kina sura nyingi. Ni mkopo wa miaka 20 wa kujenga mtambo wa maji. Ni bima. Ni mkataba wa kuzoa taka wenye kifungu kinachosema utajihuisha wenyewe kama hakuna upande uliotoa taarifa kwa maandishi kabla ya tarehe fulani. Tarehe hiyo hupita wakati baraza linajadili tuta la kupunguza mwendo mbele ya shule. Tuta linastahili mjadala, sikatai, lakini tuta likikosewa linabomolewa asubuhi. Mkataba wa taka ukikosewa, mjumbe atakayeulizwa na wananchi ni yule aliyeingia barazani miaka miwili baada ya kusainiwa.

Mfano unaonikaa zaidi ni wa Dixon, mji wa watu kama 16,000 katika jimbo la Illinois, kiasi cha kilomita 160 magharibi mwa Chicago. Ndiko alikokulia Ronald Reagan, aliyekuwa rais wa Marekani. Ulikuwa ukiongozwa na meya na makamishna wanne, wote wa muda, kila kamishna akiangalia eneo lake. Mkuu wa fedha wa mji, Rita Crundwell, aliingia ofisi za mji mwaka 1970 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, na mwaka 1983 akakabidhiwa hazina. Desemba 1990 alifungua akaunti ya benki kwa jina la mji, yenye kichwa kirefu kinachosikika kama akiba ya miradi ya majitaka. Aliyeitumia ni yeye peke yake. Hadi alipokamatwa Aprili 2012 alikuwa amepitisha humo dola milioni 53.7 za mji na kuzitumia kwa mambo yake. Mwaka 2008 pekee alichukua dola milioni 5.8, katika mji ambao bajeti yake ya mwaka haikufika milioni 10.

Swali ni jinsi kiasi kile kilivyopita mbele ya macho ya watu wazima, kikao baada ya kikao, kwa zaidi ya miaka 20. Kilipita kwa njia ya kawaida kabisa. Fedha zilihama kutoka akaunti moja ya mji kwenda nyingine, zikisindikizwa na ankara za kughushi zilizoonekana kama madai ya serikali ya jimbo. Kwenye karatasi, mji ulikuwa unalipia miradi. Wakaguzi wa nje walikuja kila mwaka na kutia saini. Baraza lilipouliza mbona mfuko hautoshi, jibu lilikuwa kwamba jimbo limechelewesha mgao wa kodi. Na kweli Illinois ilikuwa na tabia ya kuchelewesha malipo, kwa hiyo uongo ulikuwa umekalia kiti cha ukweli. Baraza likafanya ambalo baraza lolote lenye nidhamu lingefanya, yaani kubana matumizi. Barabara zikasubiri. Nyongeza za mishahara zikasubiri.

Wakati huohuo mwanamke huyo, mwenye mshahara wa kama dola 80,000 kwa mwaka, alikuwa na farasi zaidi ya 400 na jina kubwa katika mashindano ya farasi nchini kote. Halikuwa jambo la siri. Watu waliliona na wakajipa maelezo, kwamba farasi wanajilipa wenyewe, au kwamba kuna mali ya urithi. Katika mji ambao kila mtu anamjua kila mtu, kuuliza maswali ya aina hiyo ni utovu wa adabu, na hakuna ajenda yenye kipengele cha farasi wa mkuu wa fedha.

Aliyegundua hakuwa mkaguzi wala mjumbe. Mwaka 2011 Crundwell alikuwa likizoni kwa muda mrefu, na karani wa mji, aliyekuwa akishika kazi zake, aliiomba benki taarifa za akaunti zote za mji. Benki ikatuma zote, na ndani yake ikawamo moja asiyoijua. Akaipeleka kwa meya, meya akaipeleka kwa wapelelezi wa serikali kuu, FBI, kisha wote wawili wakakaa kimya kwa miezi huku mwizi akiendelea kuja kazini na kusalimiana nao. Februari 2013 alihukumiwa kifungo cha miaka 19 na miezi saba. Mji ulipata tena kama dola milioni 40 kutokana na makubaliano na wakaguzi wake wa hesabu na benki, na baadaye ukabadili muundo wake wa uongozi na kuajiri meneja.

Wasomaji wengi wa kisa hiki huondoka na jibu jepesi kwamba wezi wapo kila mahali. Hilo halimsaidii mjumbe wa kesho. Hakuna hata mmoja wa makamishna aliyeshtakiwa; kwa kila kinachojulikana walikuwa waaminifu, na kila mwezi walithibitisha taarifa za fedha kama kanuni zinavyotaka. Tatizo lilikuwa kwenye kile walichokuwa wanathibitisha. Orodha ya malipo ni maelezo ya mwekahazina kuhusu kazi ya mwekahazina. Ukiikubali bila kuona taarifa ya benki iliyotoka benki moja kwa moja, unamthibitisha mtu kwa maneno yake mwenyewe. Crundwell alilijua hilo vizuri, maana alihakikisha barua za benki zinapita mikononi mwake, hata alipokuwa hayupo ofisini.

Mji wa Bell, karibu na Los Angeles katika jimbo la California, ulikwama kwingine, kwa sababu wajumbe wenyewe walikuwa ndani ya mchezo. Mwaka 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba meneja wa mji huo maskini wa watu wasiofika 40,000 analipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, na wajumbe wa baraza, kazi ya muda, wengi wao wanapokea kama dola 100,000 kila mmoja. Mlango ulikuwa umefunguliwa mwaka 2005 kwa uchaguzi maalumu uliojitokezewa na wapiga kura wasiofika 400. Uchaguzi huo uliupa mji katiba yake yenyewe, na pamoja na katiba hiyo ukakwepa kikomo cha jimbo cha malipo ya madiwani. Baada ya hapo walijilipa kwa kukaa katika bodi ndogondogo ambazo vikao vyake vilimalizika kwa dakika chache, au havikufanyika kabisa. California ina sheria ya vikao vya wazi tangu 1953, na ajenda ya kikao cha kawaida lazima ibandikwe saa 72 kabla. Sheria hiyo ilikuwepo wakati wote Bell ikiibiwa. Ajenda kubandikwa ukutani ni jambo moja, kusomwa ni jambo jingine, na gazeti lililokuwa na mwandishi wa kukaa nyuma ya ukumbi kila mwezi limeshafungwa katika miji mingi midogo ya Marekani.

Mtu anaweza kusema dawa ni wananchi kujaa ukumbini. Nina shaka. Februari 2021 video ya kikao cha baraza la parokia ya Handforth, Uingereza (parokia hapa ni ngazi ya chini kabisa ya serikali ya mitaa, si ya kanisa), ilitazamwa na mamilioni ya watu kwa sababu wajumbe waligombana na mwendesha kikao akawatoa mmoja baada ya mwingine. Sidhani kama mtu mmoja katika mia ya waliocheka anaweza kusema ajenda ilikuwa nini. Na wanaojaa ukumbini nao si mji mzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipitia kumbukumbu za vikao vya mipango miji katika miji 97 ya jimbo la Massachusetts, Marekani, wakakuta wanaozungumza huwa wenye umri mkubwa zaidi, wanaume zaidi, wenye nyumba zao, waliokaa muda mrefu, na wengi wao husimama kupinga ujenzi wa nyumba mpya. Mpangaji kijana anayetafuta chumba hayumo humo. Baraza linalochukulia makofi ya ukumbi kuwa sauti ya mji linajidanganya, na lisilosikiliza kabisa linajidanganya zaidi.

Hapa lazima niwatetee wajumbe kidogo. Utaratibu wa kukusanya mambo madogo kumi na matano na kuyapitisha kwa pamoja hauna ubaya wenyewe. Bila huo, kikao kingeisha alfajiri na hakuna mtu mwenye watoto au ng'ombe angekubali kugombea tena. Serikali ya mji mdogo ikifanya kazi vizuri lazima ichoshe. Maji yanatoka, taka zinaondoka, kibali kinatolewa ndani ya muda uliotajwa, na muhtasari wa vikao unasomeka kama orodha ya vipuri. Mwanasiasa anayelalamika kwamba vikao vimepooza, na anayetaka kila jioni iwe hotuba, ndiye wa kuogopwa. Kinachohitajika ni namna ya kulitikisa fungu lile la mambo yanayopitishwa pamoja mara kwa mara, bila kulifungua lote.

Vermont wana namna yao. Jumanne ya kwanza ya Machi miji mingi hufanya mkutano wa mwaka ambapo wakazi wenyewe ndio wanaopiga kura juu ya bajeti. Tangazo lenye mambo yote yatakayoamuliwa lazima litoke angalau siku 30 kabla. Fungu la fedha za barabara kwa kawaida ni kati ya makubwa kabisa, na msimamizi wa barabara husimamishwa na jirani yake aeleze kwa nini changarawe imepanda bei. Swali la changarawe linasikika dogo, lakini aliyelijibu hadharani mwaka huu ataweka rekodi zake vizuri mwaka ujao. Uingereza nayo, kila mwaka mabaraza ya parokia lazima yafungue vitabu kwa siku 30 za kazi, na mkazi yeyote anaweza kuja kuangalia hesabu na hati zinazohusika. Wachache huitumia haki hiyo. Inatosha kwamba karani anajua anaweza kutokea mmoja.

Kwa upande wa wajumbe wenyewe, kuna tabia chache ambazo hazihitaji sheria mpya. Katika kila kikao mjumbe mmoja, kwa zamu, achague malipo mawili matatu kutoka kwenye orodha bila kutoa taarifa mapema, aombe ankara, hati ya kupokelea mzigo na jina la aliyeidhinisha. Taarifa ya benki ije ikiwa imefungwa kwa mjumbe asiyeshika hazina. Mkataba wowote unaojihuisha uwekwe kwenye kalenda ya baraza miezi sita kabla ya tarehe yake, uje na swali moja: mara ya mwisho tulitangaza zabuni lini? Na anayeshika fedha aende likizo, wiki mbili mfululizo, kazi yake ifanywe na mtu mwingine aliye na ruhusa ya kufungua kila bahasha. Benki huwalazimisha wafanyakazi wake kufanya hivyo kwa sababu hiyo hiyo, na Dixon iliokolewa na likizo ya aina hiyo, ingawa hakuna aliyeipanga kwa nia hiyo.

Muhtasari nao unastahili heshima zaidi. Mabaraza mengi huandika "iliafikiwa" na kuishia hapo. Miaka mitatu baadaye mwombaji mwingine wa kibali anakuja na ombi linalofanana, anakataliwa, anauliza kwa nini yule alikubaliwa, na hakuna mwenye jibu isipokuwa mzee mmoja anayekumbuka tofauti na wenzake. Sentensi mbili za sababu, kwa kila uamuzi wenye utata, huepusha kesi. Hazihitaji mwanasheria kuziandika. Mwenyekiti anaweza kuzitamka kabla ya kura, katibu akaziandika kama zilivyotamkwa. Mengineyo, kwa upande wake, yatumike kwa matangazo tu. Nimeona maamuzi ya fedha yakiingizwa kwenye mengineyo saa tatu usiku, wakati nusu ya wajumbe wameshika funguo za gari. Jambo lisilokuwa kwenye ajenda lisipigiwe kura siku hiyo. California hilo ni sheria, kwingine linaweza kuwa kanuni ya baraza lenyewe kwa azimio la mstari mmoja.

Kizuizi kikubwa, hata hivyo, hakimo kwenye kanuni. Katika mji mdogo mwekahazina ni shemeji ya mtu, anaimba kwaya na mke wa mwenyekiti, alimkopesha mjumbe mmoja jembe la kukokotwa wiki iliyopita. Kuomba ankara yake ni kama kumwita mwizi mbele ya watu, na wajumbe waungwana huona aibu. Ndiyo maana ukaguzi wa kushtukiza usiachiwe ujasiri wa mjumbe mmoja mkali, ambaye kila mtu atamwona mgomvi na ambaye hatachaguliwa tena. Uandikwe kwenye kanuni za kikao, kwa zamu inayojulikana, umguse kila mwenye sahihi, pamoja na mwenyekiti na posho zake za safari. Mwekahazina mwaminifu atapumua, kwa sababu siku fedha zitakapopungua atakuwa na karatasi za kuonyesha kwamba hazikupungulia kwake. Na mjumbe ambaye zamu yake imefika ataweza kuomba hati ya malipo ya shemeji yake, kisha wakatoka wote wawili ukumbini wakiongea habari nyingine.